Bi Usicheke na Picha ya Pili

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bi Usicheke, na jina hilo alijitafutia kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipiga picha za pasipoti na vitambulisho katika studio ndogo inayotazamana na ofisi ya vitambulisho, na kila aliyeketi kwenye kigoda chake aliambiwa maneno yale yale: "Nyoosha shingo. Tazama hapa. Usicheke." Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka hadi machozi. Kicheko chake kilivuka barabara, kikapanda ngazi za ofisi ile, kikamfikia karani wa dirisha namba tatu, ambaye hakikumfurahisha hata chembe.

Studio aliirithi kwa mjomba wake. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa kemia, ana shahada yake na chaki zake. Mjomba alipoanza kusumbuliwa na macho alimwita, akamwambia, "Mwanangu, wewe dawa unazijua. Njoo unishikie chumba cha giza wiki mbili tu." Wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo. Enzi hizo picha zilisafishwa kwa dawa, na yeye alijua kwa pua tu kwamba dawa hii imechoka, ile bado ina nguvu. Baadaye zikaja kamera za kidijitali, zikaja simu, chumba cha giza kikageuka stoo ya mafagio. Harusi zikahama, mahafali yakahama. Zikabaki pasipoti.

Siku moja ya Jumapili binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwekea simu mbele ya uso.

"Mama, soma hapa."

Lilikuwa tangazo la chuo: shahada ya uzamili ya upigaji picha, miaka miwili, masomo yote mtandaoni. Mihadhara unaitazama saa unayotaka, kazi unatuma kwa wakati wako, na darasa la pamoja ni mara moja tu kwa wiki.

"Haya ni ya rika lenu," alisema, akairudisha simu. "Mimi nina miaka hamsini na mitatu."

"Wanataka picha ishirini na cheti cha shahada ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa hawajaomba."

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa amejilaza kochini kama mtu aliyelala. Alifumbua jicho moja. "Asipojaza yeye hiyo fomu, nitajaza mimi," alisema. "Wakimpokea fundi friji, aibu ya chuo itakuwa juu yake."

Basi akajaza. Baada ya mwezi akapokelewa, na siku hiyo alifunga studio saa nne asubuhi kwa sababu mteja wa kwanza alitoka pichani ana vichwa viwili.

Tatizo lilikuwa mtandao. Nyumbani kwake ulikuwa wa kubahatisha, unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Aliyekuwa na mtandao wa uhakika ni wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao na aliyezoea kutumiwa mishono na wateja wake kwa simu. Wifi alimtengea meza kwenye chumba cha kushonea, kati ya cherehani na sanamu mbili za kupimia nguo, zisizo na vichwa. Darasa la kwanza, sura kumi na mbili zilipojipanga kwenye kioo cha kompyuta, mhadhiri aliuliza kwa adabu, "Mama, hao nyuma yako ni familia?"

"Ni wifi zangu," alijibu bila kufikiri. "Tunangoja vichwa." Darasa zima likaangua kicheko, na tangu hapo hakuna aliyemwogopa mwenzake.

Na ni wifi huyohuyo aliyeponea chupuchupu kuzikwa. Asubuhi moja mtandao ulikatika saa chache kabla ya kazi kutumwa, na Bi Usicheke, kwa kuchanganyikiwa, akaandika kwenye kundi la familia: "Jamani wifi imekufa, sijui nitafanyaje." Shemeji yake, mdogo wa mumewe aliyekaa mji mwingine, hakuwa mtu wa sarufi. Aliona "wifi", akaona "imekufa", ikamtosha. Akapiga simu kwa kaka yake huku analia: "Dada anafariki, na mimi naambiwa kwenye kundi?" Kabla fundi friji hajajua aanzie wapi, marehemu mwenyewe akaandika: "Mimi ni mzima, natia vifungo. Aliyekufa ni yule wa kwenye waya." Shemeji alikaa wiki nzima bila kuandika neno kwenye kundi lile.

Masomo yenyewe hayakuwa ya mzaha. Asubuhi na mapema, kabla ya kufungua studio, Bi Usicheke alisikiliza mhadhara mmoja huku wifi akikata vitambaa. Mchana, wateja wakipungua, alisoma kurasa kumi nyuma ya pazia. Kwa kazi ya kwanza alitoka na kamera Jumamosi nzima, akapiga maua ya jirani, jua likizama nyuma ya minara ya simu, na paka juu ya ukuta. Alizituma kwa majivuno. Jibu la mhadhiri lilikuwa fupi: "Picha safi sana, hazina kosa. Ila sijaona ni nani aliyezipiga." Na alama zilikuwa za kupita kwa kuchungulia.

Lilimkaa kifuani. Miaka ishirini na sita ya kamera, halafu mhadhiri, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, anamwambia hajaonekana? Siku tatu hakufungua kompyuta. Siku ya nne wifi alimfuata studio, mkanda wa kupimia shingoni, akasimama mlangoni.

"Meza yako imeanza kujaa vitambaa vyangu," alisema. "Nikishaizoea, huipati tena. Shauri yako."

"Wifi, mimi nimezeeka kwa mambo haya."

"Umezeeka? Juzi ulimwambia mtoto wa mwenye duka asubiri picha zake mpaka muhula uishe. Ulisema 'muhula', nilikusikia. Mtu aliyezeeka hana muhula. Inuka twende."

Akainuka. Kazi ya pili ilikuwa ya kutuma upesi, picha kumi na tano tu. Kwa haraka aliweka na mafaili ambayo hakukusudia, na moja lilikuwa la studio ya siku ile. Alikuwa amekuja fundi mwashi, jitu la mabega mapana, vumbi la saruji bado masikioni, akitaka picha ya pasipoti. Alipoambiwa asicheke alibana pumzi kwa nguvu zake zote, macho yakamtoka kama mtu anayepimwa malaria. Taa ilipowaka akadhani yamekwisha. Akaachia pumzi, mabega yakashuka, akajicheka mwenyewe kwa sauti ya kutikisa kioo. Kidole cha Bi Usicheke kilikuwa bado kwenye kitufe. Kilibonyea, basi.

Kwenye darasa la wiki ile mhadhiri alipitisha picha zake upesi upesi, kisha akasimama. Uso wa mwashi ukajaa kwenye vioo vyote kumi na viwili.

"Hii ni nini?"

Bi Usicheke alihisi masikio yakiwaka. "Samahani mwalimu, hiyo imeingia kwa bahati mbaya."

Daktari wa meno, mwanafunzi mwenzake wa nchi ya mbali, alikuwa amesogeza pua mpaka kwenye kamera yake. Mama mwingine aliyekuwa ananyonyesha akasema polepole, "Huyu mtu ningependa kumjua."

"Mama," alisema mhadhiri, "naomba unitafutie bahati mbaya nyingine thelathini na tisa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza picha ya pili. Kila mteja alipigwa ile ya serikali, shingo imenyooka, mdomo umefungwa. Kisha Bi Usicheke hakuishusha kamera. Alisubiri. Watu, alikuja kugundua, wana sura mbili zilizoachana kwa pumzi moja tu. Mwanamke mmoja, taa ilipozima, alivua viatu vyake vipya na kumshukuru Mungu kwa sauti. Mzee aliyekuwa anasafiri kwenda kumwona mjukuu alimuuliza mwenye kamera kama yeye pia ana wajukuu, kabla hajainuka kwenye kigoda. Bibi harusi mtarajiwa alilia kidogo, akasema ni pilipili. Kila mmoja alionyeshwa picha yake papo hapo na kuulizwa: nibaki nayo? Waliokataa walifutiwa mbele ya macho yao. Hawakuzidi sita.

Ikabaki jambo moja. Mwisho wa masomo kila mwanafunzi alitakiwa kutundika picha zake mahali pa watu, papo hapo anapoishi. Bi Usicheke alitaka ukuta mmoja tu duniani: ule mrefu wa ukumbi wa ofisi ya vitambulisho, ambako watu husimama foleni saa nzima bila cha kutazama zaidi ya visogo vya wenzao. Na ili kufika kwa mkuu wa ofisi, ilibidi apitie dirisha namba tatu.

Karani wa dirisha hilo alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye muhuri wake wa mti ambao hakumwazima mtu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimrudishia Bi Usicheke wateja kwa maneno mawili: "Meno yanaonekana." Wengine walivuka barabara mara tatu kwa ajili ya jino moja. Alipomweleza ombi lake, karani alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapa ni ofisi, mama, si sebuleni," akaita anayefuata.

Bi Usicheke alirudi studio akiwa amenuna, na mwezi ukapita.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu mlango ulifunguliwa, akaingia karani mwenyewe, amevaa koti. Alitazama kigoda kama mtu anayetazama kiti cha daktari wa meno.

"Nastaafu Ijumaa," alisema. "Wanataka picha ya kitambulisho cha mstaafu."

"Karibu, kaka. Keti. Nyoosha shingo. Tazama hapa." Kidogo acheke yeye. "Usicheke."

Hakucheka. Alikaa kama ukuta. Taa ikawaka, ikazima. Bi Usicheke akasubiri, kamera usoni.

"Miaka thelathini na moja narudisha picha za watu," alisema karani ghafla, akitazama magoti yake. "Na jana nimekaa nyumbani mbele ya kioo, najaribu mdomo. Mke wangu akaniuliza una nini, nikamwambia, naogopa yangu isije ikarudishwa." Akainua uso, na likamtoka cheko moja la wazi, la mtoto, lenye mwanya katikati ya meno ya juu ambao hakuna raia aliyewahi kuuona.

Alipoonyeshwa picha, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni baba yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa na mwanya huu. Sikujua ninao uso wake."

"Nibaki nayo, kaka?"

"Baki nayo. Na mimi nichapie moja kubwa, ya sebuleni." Alifika mlangoni, akageuka. "Ule ukuta una urefu wa mita kumi na mbili. Niliupima wiki ile ile uliyoomba. Nitaingia kwa mkuu leo kabla hajanywa chai, maana akishakunywa huwa anakataa."

Ijumaa ile picha za watu arobaini zilitundikwa mbili mbili: ile ya serikali kushoto, ya pili kulia. Fundi friji alipiga misumari, wifi alishona vitambaa vya kuzibebea, na karani, siku yake ya mwisho kazini, alitembea na rula kuhakikisha hakuna iliyopinda. Milango ilipofunguliwa foleni ilianza kuharibika. Watu walipitwa na zamu zao. Mwashi alikuja na kikosi kizima cha wenzake wenye vumbi, akasimama mbele ya uso wake, akawaambia, "Mnaona? Mnasema mimi ni mkali." Mzee mwenye mjukuu aliketi kwenye benchi akisimulia safari yake kwa kila aliyemtazama mara mbili. Hata mkuu wa ofisi alishuka, alishakunywa chai, na hakukataa kitu.

Wiki iliyofuata watahini watatu walimhoji kupitia kompyuta, sanamu zikiwa nyuma yake, safari hii wifi akiwa amezivisha magauni kwa heshima ya siku. Mmoja aliuliza kwa nini hakutafuta ukumbi wa sanaa.

"Kule wangekuja wanaojua picha," alijibu. "Pale wanakuja wanaopigwa."

Watahini walitazamana, wakaandika. Matokeo yalipotoka, alifaulu kwa alama za juu kuliko wote wa mwaka wake, na fundi friji alizunguka mtaa mzima akimtambulisha mkewe kwa watu waliomfahamu tangu wakiwa watoto.

Siku hizi studio hufunguliwa kila siku isipokuwa Alhamisi. Alhamisi Bi Usicheke huenda hospitali anakofanya kazi binti yake, kwenye chumba cha kufulia, kupiga picha za watu wanaofua mashuka ya wagonjwa. Chuo kimemwomba kazi hiyo kiitolee kitabu. Asubuhi ya kwanza alipoingia, mvuke ulimpiga lenzi ikawa nyeupe pe. Aliifuta, ikaziba tena. Msimamizi wa chumba kile, mama wa makamo mwenye mikono ya mpiga makasia, alimtazama akihangaika, kisha akamsukumia ncha mbili za shuka lenye joto.

"Hiyo mashine yako iache izoee joto, dada," alisema. "Kunja kwanza."

Akaiweka kamera juu ya rafu, akashika ncha zake, wakaanza kukunja.