Hedifoni Zenye Masikio ya Paka

Mwenyekiti wa bodi ya shule yetu ni mtu ambaye, nina hakika, hajawahi kumpangusa mtoto kamasi. Alisoma hapa Kinoo zamani, akajenga nyumba za kupangisha nyuma ya shule, kisha akahamia Kilimani, mtaa wa wenye nacho, na kuwapeleka wanawe shule nyingine kabisa. Lakini hedifoni za watoto wangu wa gredi ya pili alizichagua yeye.

Mimi ndiye niliyeziomba. Tulikuwa na tableti thelathini za kusomea, na kila moja ilisema kwa sauti. Fikiria sauti thelathini zikisoma hadithi ya sungura, wala hakuna mbili zilizofika ukurasa mmoja. Nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba tunahitaji hedifoni za bei nafuu, zenye waya, zisizovunjika upesi. Mistari mitatu tu. Barua hiyo ikazaa mkutano.

Tulikutana ofisini kwa mwenyekiti, kwenye meza ya kioo niliyoogopa kuigusa. Tulikuwa mwalimu mkuu, mimi, mwenyekiti, na mwanamke mmoja aliyetambulishwa kama mshauri. Ushauri wake ulikuwa picha. Karibu saa nzima alituonyesha ukutani watoto wa nchi za mbali wakitabasamu, wamevaa hedifoni za waridi zisizo na waya, zenye masikio ya paka yanayowaka taa.

"Zitachajiwa wapi?" nikauliza. "Darasa langu lina soketi mbili, na moja imekufa."

Mshauri akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akacheka, kile kicheko cha kumhurumia mtu asiyeelewa.

"Mwalimu, tusiogope teknolojia. Watoto wetu wanastahili kitu cha kisasa."

"Na zikianguka?"

"Watafundishwa wasiziangushe."

Ningesimama hapo hapo nikaeleza mtoto wa miaka saba ni kiumbe gani. Sikusimama. Walipopiga makofi nami nikapiga, tena nikala sambusa zao mbili. Katika wote ninaowadharau kwa habari hii, mimi sijioni wa mwisho.

Hedifoni zilipofika, siku ya kwanza darasa lilikuwa sherehe. Siku ya pili mtoto mmoja akainua mkono.

"Ticha, yangu inaongea hesabu na nimefungua Kiswahili."

Hedifoni yake ilikuwa imeunganika na tableti ya jirani yake, ya jirani ikaunganika na ya mtoto wa dirishani, na ya huyo wa dirishani haikuwa na habari na mtu. Kipindi kizima nilitafuta nani anasikia ya nani. Kabla ya chakula cha mchana chaji ikaisha. Mwezi haukwisha kabla masikio ya paka hayajaanza kubadilishwa kwa peremende uwanjani, na sponji moja ya hedifoni niliitoa kwenye pua ya mwanafunzi. Halafu msichana mmoja mpole, asiyelalamika hata akikanyagwa, akavua yake na kushika sikio.

"Ticha, inaniuma ndani."

Nikaivaa mimi. Ilinguruma kama spika ya gari la matangazo. Katika ile saa nzima ya picha hakuna aliyeuliza masikio ya watoto yanavumilia sauti kiasi gani.

Nilipompelekea mwalimu mkuu sanduku la mabaki, hakunyanyua macho. "Si wewe ndiye unajua? Nenda mjini ununue zako." Fungu la fedha lililobaki lilikuwa dogo mno, na nadhani alitarajia nishindwe.

Mjini, chini kule kwenye maduka ya vifaa vya umeme, muuzaji wa kwanza aliniita kabla sijakaribia.

"Sasa madam, hii ni orijino kabisa. Hata ukikanyaga haiwezi vunjika."

"Niikanyage, basi."

"Aah, madam, si utaiharibu?"

Nikauvuta waya kidogo tu, kama mtoto anayeinuka na kusahau kwamba amevaa kitu. Ukabaki mkononi mwangu. Akaniambia niulipie. Nikamwambia amuuzie mwenyekiti wetu, nikaondoka naye akinitukana.

Duka la nne lilikuwa la mama mmoja wa Mombasa, amevaa buibui, miwani imening'inia kifuani. Sikuwa nimemaliza kusema ninachotaka alipouliza, "Watoto wa umri gani?"

Nilikaribia kulia. Tangu habari hii ianze, hakuna aliyeniuliza swali hilo.

"Saba, minane."

"Basi hao nawajua. Nafundisha madrasa jioni." Akashusha hedifoni nyekundu yenye kung'aa. "Hii wanaipenda sana. Naiuza, lakini wewe sikupi." Kisha akatoa nyeusi, ya kawaida, mbaya hata kuitazama. Akaupinda ule upinde wa kichwani mpaka nikafumba macho, ukarudi ulivyokuwa. Akanionyesha mahali waya unapoingilia. "Hapa ndipo zinapofia, dadangu. Hii waya wake unachomoka. Ukikatika, wanunua waya, si hedifoni. Sikioni hamna sponji, ni ngozi ya plastiki, wafuta kwa kitambaa. Na sauti yake haipandi ikapita kiasi, hata wafanyeje."

"Nipe thelathini."

"La, chukua mbili. Wape wale wawili wanaokutoa roho. Zikiishi wiki mbili, rudi."

Nilikuwa nao wawili wa namna hiyo. Walizivutana, wakazifunga kwenye mguu wa dawati, na moja ikatumbukia kwenye uji. Nikaifuta, ikaendelea kusoma hadithi ya sungura. Nikarudi dukani kuchukua nyingine ishirini na nane. Fundi cherehani wa Dagoretti Corner, ninakoishi, alinishonea vifuko kwa mabaki ya vitambaa vya sare, kila mtoto na chake, ili waya zisisokotane kabatini.

Muhula uliofuata mwenyekiti alikuja na mpiga picha. Akasimama mlangoni mwa darasa, akakunja uso.

"Mwalimu, hizi nyeusi zitaonekana za kimaskini kwenye picha. Zile za rangi ziko wapi?"

"Kwenye sanduku stoo. Nikuletee vipande?"

Alirekebisha tai, akaingia, akatangaza kwa sauti yake ya mikutano, "Hamjambo, watoto!"

Hakuna aliyemjibu. Vichwa thelathini vilikuwa vimeinamia tableti, hedifoni nyeusi masikioni. Alisalimu tena, kwa sauti zaidi. Mmoja alicheka, lakini alikuwa akimcheka sungura. Ningeweza kuwapungia mkono wavue. Sikuwapungia. Mwishowe alitoka, akapigwa picha karibu na kibao cha shule, mkono mmoja mfukoni.

Tangu hapo waya sita zimekatika. Nazibadilisha mwenyewe Ijumaa, watoto wakiwa michezoni, na haichukui muda.