Baba wa Saa Saba

Duka langu linatazamana na jiko la Ernesta, hapa Rungwe Mpya, kwa hiyo habari za Makarius sikuhadithiwa na mtu. Nimeziona kwa macho yangu haya. Saa saba mchana ikikaribia, moshi wa Ernesta ukianza kupungua, ujue ugali umeiva, na ujue Makarius anateremka kutoka ng'ambo ya bonde, mikono nyuma, mwendo wa mtu mwenye shughuli nzito. Shughuli yenyewe ni tumbo lake.

Ernesta ni mjane wa Longinus, fundi matofali, aliyekufa kwa homa akamwachia watoto wanne na kashamba kadogo. Huyu Makarius ni mdogo wake Longinus, baba mmoja, mama mmoja. Siku ya kumaliza msiba wazee wa ukoo waliuliza nani atawaangalia watoto wa marehemu. Makarius aliinama akawa anachimbachimba ardhi kwa kijiti mpaka swali likapita. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka sukari. Mtu mwenye mashamba mawili na ghala la bati, siku ile aligeuka bubu.

Basi Ernesta akawalisha wanawe mwenyewe, na alijua kuwalisha. Kwangu alikuwa mteja mgumu kuliko wote. Mawese alinunua ya kupima, tena anainamia kipimo mpaka tone la mwisho lidondoke. Maharage aliyaloweka tangu jana yake ili yasile kuni. Mchuzi wake walilia ugali leo, maharage yenyewe wakayala kesho. Ugali ulikuwa wa muhogo, na siku akipata mahindi kidogo anachanganya, watoto wanaona sikukuu. Siku nyingine ni sombe, yale majani ya muhogo, au lengalenga, mchicha wa nyuma ya nyumba. Zamani tulikuwa tukipata unga wa bei nafuu uliotoka kambini, lakini kambi ile ya wakimbizi ya Mtabila ilishafungwa, na mwaka ule wa 2013 mvua nayo ilikatika mapema, maharage yakaungua shambani.

Kile kidogo alichovuna, kabla mtoto hajaonja punje, Ernesta alitoa mbegu kwanza. Akazifunga kwenye kiroba, akakining'iniza juu ya mafiga zipate moshi, wadudu wasiziguse.

"Hizi haziguswi mpaka mvua ya Oktoba, Mama Shadia," aliniambia. "Nikizipika, mwakani ninalima kwa watu na wanangu wanakula vibarua."

Kiroba kile ndicho kilichokuwa mwaka mzima wa watu watano, na kila aliyeingia jikoni alikiona.

Sasa huyu bwana. Akifika anakaa kwenye kiti, kiti chenyewe kimoja, cha marehemu. Hagusi jembe, hapasui hata ukuni. Sahani inaanza kwake, na watoto wanasubiri, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa: mkubwa akila, mdogo anangoja. Anachambua dagaa mmoja mmoja anawamaliza, kisha anawasogezea watoto mchuzi wenye chumvi na kuwaambia kuleni wanangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alitimiza mwaka na zaidi, na jembe lenyewe angeuliza linashikwa upande gani.

Nilimwambia Ernesta amfukuze. Nilimwambia wazi, maana upole wake ulikuwa unaniudhi karibu sawa na ulafi wa yule.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Nikimwondoa mtu wa ukoo kwenye chakula, nitasemwa mimi, hatasemwa yeye."

Akajaribu njia za kimya. Akapika saa nne asubuhi. Wiki haikuisha, Makarius naye anateremka saa nne. Akarudi saa saba, yule naye akarudi saa saba. Ndipo Ernesta akaanza kukaanga dagaa wakavu bila mafuta, anawatwanga wakawa unga, anaumimina kwenye mboga, kila mtoto apate chake na asiwepo wa kuchagua vichwa. Siku ya kwanza Makarius alikoroga ile sombe kwa kidole, akakoroga tena.

"Shemeji, dagaa wako wapi?"

"Wamo humo, shemeji."

"Mbona siwaoni? Hiki ni chakula cha wagonjwa."

Alikilamba chote chakula cha wagonjwa.

Lakini lililonichefua hasa ni hili la jina. Watoto walikuwa wanamwita baba mdogo, kama watoto wote wa dunia wanavyomwita mdogo wa baba yao. Siku moja akamkemea yule kitinda mimba, Niyibizi, mtoto wa miaka minne: "Nani mdogo hapa? Kaka amekufa, baba ni mimi. Kwetu hakuna baba mdogo. Sema baba." Mtoto akasema baba. Tangu hapo ikawa shikamoo baba, karibu baba, baba ameshiba. Na kanisani, nasikia, alisimama kwenye jumuiya akaeleza jinsi anavyohangaika na watoto wa marehemu, kila siku lazima afike kuona wamekula. Watu wakampigia makofi. Uongo gani ule, kweli alikuwa akifika kuona wamekula, ila alikuwa anaona kwa mdomo.

Septemba, mboga zimekauka, nyumba inakula muhogo na chumvi, Makarius akainua macho juu ya mafiga. Nilikuwa pale mlangoni, nimemletea Ernesta chenji yake.

"Watoto wangu wanakula chumvi, na maharage yananing'inia?"

"Ni mbegu, shemeji."

"Mbegu, mbegu. Mtu anazika mbegu ardhini watoto wanalala njaa? Kesho yapike. Tia na mawese."

"Tukila mbegu tutapanda nini?"

"Mimi ndiye baba hapa, na baba amesema yapikwe."

Mimi nilishafungua mdomo nimpe zake. Ernesta akanitazama, nikanyamaza. Kisha akamwambia shemeji yake kwa sauti ile ile ya kila siku, "Sawa. Kesho watoto watakula maharage kwa baba yao."

Yule mjinga akatabasamu, akaenda zake. Alisikia maharage, hakusikia kingine.

Kesho yake asubuhi Ernesta aliwaogesha watoto, akawavika nguo za kanisani, akafunga mlango kwa kufuli na kupita njia ya juu, ile ya kisimani. Saa saba Makarius akateremka kwa njia yake ya chini. Akakuta jiko halina moshi. Akazunguka nyumba, akatikisa kufuli, akachungulia tundu la ufunguo kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Mwishowe akaja kwangu.

"Mama Shadia, hawa wamekwenda wapi?"

"Wamekwenda kula kwa baba yao," nikamwambia.

 Alipoelewa, aligeuka na kupanda kilima cha kwao kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao akienda shambani. Nami nikafunga duka. Duka langu huwa silifungi mchana ila kwa msiba, lakini siku ile sikukubali kusimuliwa.

Tulikuta ua wa Makarius umejaa. Wanawake sita wa kibarua walikuwa wamekaa wanachambua maharage yake ya kupeleka kuuza Kasulu, rundo limewafika magotini. Ndiyo, alikuwa na rundo lile nyumbani, akaenda kutolea macho kiroba cha mjane. Na kwenye mkeka, katikati ya wote, walikaa watoto wa Longinus na ugali mweupe wa sembe, na bakuli la maharage yaliyoungwa, na dagaa wazima wenye vichwa vyao. Careen, mke wa Makarius, ndiye aliyepakua. Angefanyaje? Watoto waliingia wakamsalimia mbele ya watu, wakasema baba ametuambia leo tule maharage. Ernesta alikuwa ameketi kando, anasaidia kuchambua.

Niyibizi alimwona wa kwanza. Mtoto mwenye adabu yule, akasogea kidogo kwenye mkeka kumpisha.

"Shikamoo baba. Karibu chakula, baba."

Makarius akabaki amesimama. Wanawake wameacha kuchambua, wanamtazama.

"Makarius," Careen akasema, "hawa wanasema watakuwa wanakuja kila siku saa saba, kwa kuwa wewe ndiye baba. Ni kweli? Nijue unga wa kupika."

Nilikuwa na methali yangu tayari, mla cha mwenziwe na chake huliwa, nikaimeza, kwa sababu nilitaka kumsikia yeye. Alitazama ghala. Alitazama rundo. Alitazama lile bakuli, na dagaa walikuwa wanapungua.

"Mimi," akasema, akakohoa, "mimi ni baba yao mdogo tu."

Sauti haikutoka vizuri. Mwanamke mmoja wa pembeni, mzee wa sikio zito, akauliza amesema nini.

"Anasema yeye ni mdogo," akajibiwa, na ua mzima ukacheka.

Ernesta hakucheka. Alikung'uta maganda kwenye kanga yake, akainuka.

"Tumesikia, shemeji. Watoto, malizeni, mumshukuru baba mdogo."

Oktoba mvua ilinyesha, kiroba kikashushwa, na nilimwona Ernesta akipanda mbegu zake zote na wanawe nyuma yake wakifukia. Makarius bado anapita hapa akienda barabarani, lakini saa saba anapita upande wa pili wa njia, akiharakisha. Watoto wakimwona huacha kula, wanatoka mlangoni wote wanne kumwamkia kama walivyofundishwa. Shikamoo wanaisema haraka, baba wanaisema haraka, ila mdogo wanaivuta mpaka inafika ng'ambo ya bonde.