Kunguru Waliokataa Wali wa Mama Kanta

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, juu ya ghorofa moja Mchafukoge, Dar. Sikuwa nimelewa. Hata sigara situmii.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa milango, Kariakoo imefurika bidhaa za Dubai. Nilikuwa na studio ya picha za pasipoti, lakini uchizi wangu ulikuwa kupiga ndege wakiruka. Nikanunua lenzi ya vioo, nene kama kopo la maziwa ya unga, inavuta mbali ajabu. Ila ina kasoro yake: mtu akisimama hatua tatu mbele yako, haimwoni. Unapata ukungu mtupu. Hilo lishike.

Picha nilikuwa napigia juu ya paa la jengo alilokaa Mama Kanta, mjane wa Kihindu, jirani wa studio yangu; Kanta ni jina lake mwenyewe. Mumewe sikuwahi kumwona, alifariki kabla sijahamia mtaa ule. Siku hiyo mama alikuwa amemwekea marehemu chakula juu ya ukuta wa ukingo wa paa. Kwao, siku za kuwakumbuka wafu, kunguru akila, marehemu amepokea. Asipokula, marehemu ana jambo moyoni. Na kunguru walikataa! Kunguru wa Dar, anayeiba hata sabuni bafuni, anakataa wali wa maziwa na sukari? Wanazunguka tu, hawatui. Mama Kanta analia tangu asubuhi, na mimi, Mungu anisamehe, nafurahi, maana wasipotua ndiyo napata picha.

Mama akashuka kunawa uso. Nikaendelea kuwafuata kunguru kwa lenzi, na mara mzee wa Kihindi akaingia kwenye picha. Anaonekana safi, hadi vifungo vya shati. Nikadhani yuko ghorofa ya jirani, nikabonyeza. Kuondoa jicho kwenye kamera, yuko hatua tatu mbele yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwambie Kanta, chakula aweke Hansa. Mimi ndiye niliyekosea."

Nikatazama pete ya lenzi, ile ya kuzungusha kurekebisha umbali. Ilikuwa imefika mwisho kabisa wa mbali, pale unapoiweka ukipiga mwezi. Nilipoinua uso, hapakuwa na mtu, na mlango pekee wa kushukia ulikuwa nyuma yangu. Wewe ungefanyaje? Mimi nilikumbatia kamera yangu nikamngoja mama.

Mama Kanta aliporudi nikamweleza. Akaniwakia: "Nani kakwambia jina hilo? Nani?"

"Mzee aliyesimama hapo, mama. Haki ya Mungu."

Akakaa chini palepale. Hansa ni binti yao, aliolewa na Mswahili, baba akamfukuza. Hansa alikuwa akiishi Msimbazi, mwendo wa dakika kumi. Miaka tisa hawakuongea naye. Hata kwenye msiba wa baba yake alizuiwa mlangoni.

"Alizuiwa na nani?" nikauliza.

"Na mimi," akasema. "Niliogopa kuvunja neno la mume wangu." Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, nenda kamwite."

Nilikimbia. Hansa akaja na kanga yake, unga wa maandazi bado mikononi. Alichota wali, akauweka ukutani, na kunguru wa kwanza akatua kabla hajarudisha mkono. Wakaja wote, wakagombania. Mama na binti wakakumbatiana wakilia, na mimi nikalia. Sikupiga picha hata moja.

Filamu niliisafisha mwenyewe. Kunguru wamo, mzee hayumo. Na tangu siku ile, mteja akikaa kwenye kiti changu, naangalia pete ya lenzi kabla ya kubonyeza. Ni woga, nakubali.

Sasa sikia. Kama kuna mwanao au ndugu yako uliyemfungia mlango, kamfungulie leo, kwa mdomo wako mwenyewe. Yule mzee alipokuwa hai alikuwa na miguu, na Msimbazi ni dakika kumi. Hakwenda, akaja kunituma mimi, mtu asiyemjua.