Nani Alikuwa Kungwi wa Malkia

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu makabila na lugha mbalimbali wapate kujuana, akanifikisha uzeeni ningali na hamu ya kuuliza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikwenda Sterling, Virginia, kumpeleka mwari wangu kwa mumewe. Mimi ni kungwi wa Tanga, na nimesomesha Kurani wanawake wa mtaani kwetu. Kungwi hamwachi mwari njiani. Humfikisha, hukaa naye, kisha humkabidhi kwa mama mkwe ndipo aondoke. Lakini mama mkwe wa mwari huyu alikwisha fariki. Mume alikuwa kijana mpole, akifanya kazi uwanja wa ndege, anatoka alfajiri anarudi magharibi. Viza yangu ilikaribia kwisha, na mwari alishasema waziwazi, akiniita Somo kama wari wote wamwitavyo kungwi wao: "Somo, siku unayopanda ndege, na mimi napanda."

Sikumgombeza. Nilimwomba anisomee.

Alikuwa ameazima maktabani kitabu kinene cha maisha ya malkia mmoja wa Ulaya ya zamani sana, mke wa mfalme, si mtawala mwenyewe. Asubuhi, tukichambua mchele, alisoma Kiingereza kimoyomoyo kisha akanitolea kwa Kiswahili. Binti yule aliozwa angali mdogo ili baba yake apatane na mfalme wa ng'ambo. Alivuka bahari na farasi, masanduku ya nguo na wanawake wa kwao. Lugha ya mumewe hakuijua.

"Kungwi wake nani?" nikauliza.

"Hawakuandika, Somo."

"Farasi wameandikwa?"

"Mpaka rangi zao."

Tukacheka, lakini swali likanikaa. Nilitaka kujua aliamkaje asubuhi ya kwanza, nani alimpa uji, nani alimwambia mfalme aende naye taratibu. Kitabu kilijua uzito wa taji, hayo hakikuyajua. Kilisema na jambo jingine: baada ya harusi, washauri wa mfalme waliona wale wanawake wanakula sana na kunong'ona sana, wakawarudisha wote kwao.

Mwari akafunga kitabu. "Umeona? Hata malkia walimnyang'anya watu wake. Mimi sikubali."

"Alikufa?"

"Hapana."

"Basi soma mbele."

Siku iliyofuata tukasoma kwamba alipewa mwanamke wa nchi ile, mjane mtu mzima. Mwanzoni malkia hakutaka hata kumtazama. Baadaye ndiye aliyemfundisha lugha, akawa kando yake katika kuzaa, akamwonyesha jinsi ya kupiga magoti hadharani kuwaombea waliohukumiwa kufa, ili mfalme asamehe bila kuonekana dhaifu. Nikasema, alhamdulillahi, kungwi tumempata.

Hapo nikaijua kazi yangu. Ghorofa ya chini alikaa mama wa Kikongo, Mkristo, anayehudumia wazee majumbani mwao. Alizoea kutusalimu ngazini kwa Kiswahili chake. Nilimfunga mwari kanga mpya, nikamfukiza udi kidogo, tukashuka. Nikaushika mkono wake, nikauweka katika mkono wa yule mama, nikasema kama tusemavyo kwetu: "Huyu mwanangu. Kuanzia leo ni wako."

Mama akatutazama, kisha akageuka kumtazama mwanawe wa kiume aliyekuwa mezani akila. "Mama, unanipatia bibi ya watu? Bwana yake anajua? Huyu wangu hata kazi hana."

Mwari alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Nilipoeleza kwamba sikuja kumwoza mwanawe, mama naye akacheka, halafu akatulia. "Mimi pia nilifika hapa pasipo mtu," akasema. "Lakini mimi ni wa kanisa. Ntamufundisha nini mtoto wa Kiislamu?"

"Dini anayo. Mfundishe baridi, hospitali na basi. Akilia, mfungulie mlango."

"Hiyo naweza."

Mwari hakuamua siku ile. Alipanga nguo zake sandukuni, akazitoa, akazipanga tena. Alishuka kwa yule mama kwanza kwa adabu, halafu kwa kufuata sombe, kisamvu cha Kikongo, halafu bila sababu yoyote. Asubuhi ya safari yangu alinifungia sanduku langu. Lake lilikuwa tupu juu ya kabati. Alilia, nami nililia, na mumewe akatungoja garini bila kupiga honi, Mungu amlipe.

Kitabu tulikimalizia kwa simu. Malkia alifiwa na mume, ndugu zake wakamwita, naye akabaki kulekule ng'ambo. Nikauliza kwa nini. Mwari akaanza kunieleza, nikamsikia yule mama akimwita kwamba chakula kinapoa. Akaniambia atapiga kesho. Kesho hakupiga, wala kesho kutwa, nami nikatandika mswala nikamshukuru Mungu.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe wa kukushika mkono popote atakapokufikisha, na mkono wako auzidishie wepesi wa kumpokea mgeni. Amina.