Kovu la Mama Furaha

Nakumbuka Koko Adela alivyonisimulia habari ya kalamu zake, kwa hasira ya miaka mingi. Leo hasira hiyo ninayo mimi, mwanangu, na ni juu yako.

Koko Adela alikuwa nyanya yangu, mpiga picha wa Bukavu tangu enzi za Wabelgiji, wakati mwanamke mwenye kamera alichekwa njiani. Mwanzoni alipiga kama wazungu walivyopenda: pazia la maua nyuma, mtu amekakamaa kitini. Siku hizo picha ilinaswa kwanza kwenye kioo, ndipo ikachapwa kwenye karatasi. Vioo hivyo alikuwa anavipaka kalamu ya risasi polepole, mpaka makunyanzi na makovu yanapotea. Watu walimsifu sana.

Kisha jirani yake, mwanamke ambaye Koko alikuwa amempiga picha hivyo hivyo, akafa. Binti wa marehemu, mtoto ambaye kila usiku alilala ameshika kovu la kidevuni mwa mama yake, akapewa ile picha. Akaitazama, akauliza, “Huyu ni nani?”

Koko alikuwa amesimama pale pale. Alirudi nyumbani akavunja kalamu zote, na pazia akalishona mito. Tangu hapo aliwapiga watu picha kwenye kazi zao, kwa mwanga wa dirisha tu: muuza samaki na magamba yake mikononi, mfinyanzi na udongo wake. Wateja wenye pesa walimkimbia. Alishinda na njaa, lakini hakurudi kwenye pazia.

Sasa wewe, hapo kwenye duka lako la picha mtaa wa Umbilo, huku ugenini, umemfanya marehemu Mama Furaha mweupe kama unga kwenye picha ya mazishi yake. Mama aliyeuza vitenge barabara ya Point juani miaka yote! Na kovu la shavuni umelifuta. Alilipata akimtoa Riziki, mwanawe, kwenye nyumba iliyokuwa inaungua. Halafu unaniuliza, “Maman, si amependeza?” Amempendeza nani? Riziki ameipokea hiyo picha, akanirudishia. Eish, nilitaka kukuchapa.

Mwanangu, marehemu hawezi kukukataza, kwa hiyo usimguse uso. Mtu akija mbele yako, mpige picha alivyo, hata akikuomba umdanganye.

Picha ya kwanza, kabla hujaigusa, bado iko kwenye simu yako. Ichape na kovu lake, umpelekee Riziki kwa mkono wako mwenyewe kabla ya mazishi kesho. Mungu ayabariki macho yako, yaone watu walivyo. Ukimaliza, pita kwangu. Hasira haijaisha, lakini chakula iko.