Chai ya Mawe

Shule sikufika mbali, lakini aliyetaka kuniulia mke namjua. Ni nyapara wa kambi yetu, aliyejichimbia choo juu ya chemchemi tuliyochota maji. Wa pili ni bwana wa shamba. Alionyeshwa kile choo kwa kidole akasema maji yakitembea hujisafisha. Mwaka huo sisi tuliotoka upande wa ziwa kuja Kericho kuchuma chai tulihara damu, na wengine tukawazika.

Mke wangu alishikwa na ugonjwa huo majani yakiwa mengi kabisa. Maji niliyomchemshia yalikaa uvuguvugu, yakinuka moshi, akayatapika. Midomo ilimpasuka. Akaacha hata kunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mama mmoja Mkipsigis aliyekuwa akituuzia maziwa alichungulia ndani.

“Leo maziwa hapana,” akasema. “Mpe chai ya rangi, ile ya mawe.”

Akaenda zake kwa majirani. Nikadhani ni dawa ya kwao. Nikachukua figa moja la akiba, nikalisugua vizuri, nikalitia kwenye sufuria. Aliporudi akanikuta nachemsha jiwe. Ilibidi aweke kibuyu chini ndipo acheke.

“Shemeji, huko kwenu ziwani mawe hayaanguki kutoka juu?”

Akanionyesha wingu jeusi. Kule mvua ya mawe huja mchana kama mgeni aliyezoea nyumba.

Nikachemsha maji upya mpaka yakaruka, nikatia vumbi la chai kidogo tu, sukari na chumvi ya kuonja, nikafunika kwa sahani. Mawe yakashuka, bati likapiga kelele hata hatukusikizana. Nikakimbia na karai, nikazoa yaliyorundikana chini ya ukuta. Nilitaka kuyamwaga ndani ya chai. Mama akanishika mkono.

“Hapo ulipozoa kuku hulala. Mawe ni kitanda cha chai, si sukari yake.”

Basi tukalaza sufuria ndani ya karai, mawe yakaizunguka mpaka shingoni, kifuniko juu.

Nje nyapara alikuwa ameshika kichwa. Chai ilikuwa imechanika shamba zima.

“Tumekwisha,” akaniambia.

“Wewe umekwisha,” nikamjibu, nikaingia ndani.

Nilimpa mke wangu kijiko kimoja, nikangoja. Kikakaa. Kingine kikakaa. Ilikuwa baridi ya kuuma meno, na yeye mwenyewe akaanza kufuata kijiko kwa mdomo. Jioni akaniomba nimshike atoke nje kukojoa, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu jana yake. Sijawahi kufurahia safari ya choo namna hiyo.

Sisemi chai ni dawa ya kila kitu. Ikiwa nzito inakunyima usingizi na moyo unaenda mbio, na tumbo likiwa tupu inachoma. Mimi nadhani kilichomsaidia ni yale maji kuchemka sawasawa. Ule ubaridi ulimfanya ayapokee tu. Lakini hata leo mawe yakianguka natafuta karai.

Asubuhi alimaliza kikombe kizima, akakunja uso.

“Haina utamu. Sukari umempelekea nyapara?”

Alikuwa ananigombeza. Nikakaa pale mlangoni, nikamwacha anigombeze mpaka achoke.