Kwetu Tunaanzia Kumi

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na moja huu, na mtu asije akaniambia kwamba sijui hesabu. Shule niliachia darasa la nne, sawa, sikatai. Lakini nimekata suruali za wanaume wenye matumbo ya kila aina, na hakuna aliyerudi kusema imembana, labda yule aliyenenepa mwenyewe halafu akataka kunisingizia mimi.

Chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba, mlango unatazama barabarani. Mna meza ya kukatia, cherehani mbili, moja mbovu, na kioo kirefu chenye ufa. Chini ya hiyo meza ndipo alipokulia mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, huondoka alfajiri kwenda kiwandani, kwa hiyo mchana kutwa mtoto alikuwa wangu. Wateja walimbandika jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa mdomo wake. Nilimpa kopo la vifungo avichambue, vya matundu mawili huku, vya manne kule. Alipofika miaka minne alikuwa ananiambia shati limepungukiwa vifungo vingapi kabla mimi sijavaa miwani.

Sasa nieleze habari ya utepe. Utepe wangu wa kupimia uliungua kwa pasi zamani sana, kipande cha mwanzo kikakatika, na namba ya kwanza inayosomeka ni tisa. Basi kwetu tunaanzia kumi. Unabana kumi kwa kidole gumba, unavuta, unasoma, unatoa kumi. Kiuno kikisoma tisini na nne, unaandika themanini na nne, mteja anaenda zake. Sindano aliijua hiyo kabla hajajua kusoma jina lake. Kwa nini tunaanzia kumi, hilo sikuwahi kumwambia. Ubahili wangu wa kutonunua utepe mwingine ulinifanya ninyamaze, nakiri. Yeye alidhani dunia nzima inapima hivyo.

Akafika darasa la pili. Jumatano moja binti yangu akarudi kazini akaikuta barua kwenye mkoba wa mtoto, akaisoma akiwa amesimama, akaanza kulia. Mwalimu wa hesabu ameandika kwamba mtoto ananakili majibu kwa wenzake, haonyeshi njia, na Ijumaa jina lake litapelekwa kwenye orodha ya wanaorudishwa darasa la kwanza. Binti yangu akasema tukaombe radhi, labda watamhurumia. Nikamwambia radhi ya nini? Mtoto alikuwa amejikunyata kule chini ya meza kama alipokuwa mdogo, na hakutaka hata kuvigusa vifungo. Roho iliniuma, kisha ikanipanda hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa wateja wanaokimbia na nguo.

Asubuhi nikaacha mezani gauni la bibi harusi likiwa na mkono mmoja tu, nikamshika Sindano mkono, utepe ukiwa bado unaning'inia shingoni. Shuleni tukapokewa ofisini na mwalimu mkuu, mama mmoja mtaratibu asiyepandisha sauti. Mwalimu wa hesabu akaitwa. Ni kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, ingawa kola yake ilishonwa vibaya. Akafungua daftari. Kwenye ukurasa wa kupima penseli palikuwa na jibu nane, sahihi kabisa, na juu yake neno kwa wino mwekundu: AMENAKILI. Akaeleza kwamba alipita nyuma yake akaona kwa macho yake penseli imewekwa katikati ya rula, inaanzia kumi inaishia kumi na nane. Kwa upimaji ule angeandika kumi na nane. Kama ameandika nane, kaitoa wapi, kama si kwa jirani? Na hesabu za kutoa pia, majibu matupu, hakuna kukopa, hakuna chochote.

Nilijua palepale kosa ni langu, na aliyeandikiwa jina ni mtoto. Nikautoa utepe shingoni nikauweka mezani mbele yao, nikawaonyesha ile ncha yake iliyoungua na jinsi tunavyobana kumi, tukasoma, kisha tukatoa kumi. Nikasema, "Mwalimu, mwizi unayemtafuta ni huyu hapa. Mpe hesabu sasa hivi, jirani hana."

Kijana akasema njia ni ile iliyoko kitabuni. Nikamjibu kwamba mimi nguo naigeuza ndani nje nionyeshe mshono, na mtoto ataonyesha wake, ila kwanza aulizwe, maana hadi leo hakuna aliyemuuliza. Binti yangu angekuwepo angenivuta gauni ninyamaze. Hakuwepo.

Mwalimu mkuu akaandika kwenye karatasi hamsini na mbili toa ishirini na nane. Sindano akatazama dari, vidole vyake viwili vikasogea kidogo hewani, akasema ishirini na nne. Mwalimu mkuu akamuuliza taratibu amefanyaje.

"Nimesogeza utepe," akasema. "Ishirini na nane mbaya kushika, nikaisogeza mbili, ikawa thelathini. Na ile nyingine nayo ikasogea mbili, hamsini na nne. Nafasi ya katikati ni ileile."

Hivyo ndivyo tunavyopata tofauti ya kiuno na nyonga, kujua marinda yatakula kiasi gani, na mimi nilikuwa sijui kama ameshika. Mwalimu wa hesabu akaandika hesabu nyingine, na nyingine tena ngumu zaidi. Mtoto akasogeza, akajibu. Mwalimu mkuu akasema jina halipelekwi popote, ila Sindano atajifunza kuandika njia yake. Hilo nikalikubali, ni haki.

Kijana akataka kulifunga daftari. Nikaliwekea mkono. Nikamwambia lile neno aliliandika kwa wino, basi alikate kwa wino, na mtoto mwenyewe akiwa anaona. Masikio yakamwiva. Lakini akaichukua kalamu, akaweka rula, akapiga mstari mrefu mwekundu kutoka A ya kwanza hadi I ya mwisho.

Sindano akaiomba ile rula. Akailaza juu ya mstari, akabana kumi kwa kidole gumba, akasoma midomo ikicheza.

"Sentimita sita, mwalimu," akasema.

Mwalimu akainama akatazama kile kidole pale kwenye kumi. Hakukisogeza. Akaandika sita pembeni, akaitia vema.